Fainali Ambayo Sikuitazama

Barasa alinipigia simu asubuhi nikiwa uani hapa Kitale, napepeta maharagwe, akaniambia Mama Simiyu amelala. Hakusema amekufa. Nilimuuliza mazishi ni lini, akasema Jumamosi, kisha akanyamaza, na kwa kuwa Barasa ninayemjua hanyamazi hata akiwa anatafuna, nikajua kuna jambo jingine. "Wailimu," akasema, maana kwa miaka yote hiyo ulimi wake haujaiweza ile r ya jina langu, "watazika wawili. Wazee wamekataa kungoja tena." Nikaweka ungo chini. Sikumuuliza wa pili ni nani.

Makaburi yalikuwa mawili kweli, yamechimbwa sambamba nyuma ya nyumba ya binamu wa akina Simiyu nje kidogo ya Bungoma. Katika lile kubwa waliteremsha jeneza la Mama. Katika lile jingine waliteremsha shina la mgomba lililozungushiwa blanketi jipya, polepole, vijana wanne wakishika kamba kana kwamba lingeweza kuumia. Ndivyo wanavyofanya watu wa huko kwa aliyepotea na mwili wake usionekane: shina hulazwa kwa jina lake, ili roho ipate pa kutulia na iache kuwazungukia watoto wa boma. Kwa uhai wake wote Mama Simiyu aliwakatalia. Kila walipomletea neno hilo aliwaambia kwamba mtu aliye njiani hazikwi, akawapa chai, wakanywa, wakaondoka. Sasa hakuwepo wa kuwapa chai. Sisi tuliobaki wa chumba cha raga tulisimama pamoja kando ya ua, watu wazima wenye mvi na magoti mabovu, na hakuna aliyetaja mpira. Nilirudi Kitale jioni hiyo nikiwa na udongo kwenye viatu, na tangu siku hiyo mwaka ule umekuwa ukinijia bila hodi, hata nikiwa jikoni, hata nikiwa kanisani.

Habari za ukoo wetu na jinsi tulivyofika Trans-Nzoia, huku Kitale, wengine wamezisimulia vya kutosha. Mimi nianze na chumba. Kilikuwa nyuma ya hoteli ya Barasa mjini Bungoma, unapita jikoni ndipo ufike, kwa hiyo kila aliyekwenda kutazama mpira alifika akinuka matumbo na moshi wa makaa. Kuta zilikuwa za rangi ya maziwa yaliyoganda. Televisheni ilikaa juu ya kreti za soda, na dishi lilikuwa juu ya bati, nalo upepo ukivuma lilitaka mtu wa kupanda kulishika. Kulikuwa na mabenchi matatu na kiti kimoja cha mkono, ambacho kilikuwa cha Mzee Karani na hakuna aliyejaribu kukikalia. Mwaka 2007 ndio mwaka nilioajiriwa pale kukaa kwenye meza ya pesa na kusaidia kupika chapati jioni. Wanaume wale walinipokea kwa mtihani: mmoja akaniuliza skramu ni nini, mwingine akataka nimweleze kuotea. Hawakujua kwamba nimelelewa Kitale na kaka walioicheza raga hadi wakapoteza meno, na kwamba Jumamosi zangu zote za utoto zilikwisha kando ya uwanja wa shule nikiwashikia sweta. Niliwajibu yote mawili nikiwa nageuza chapati. Baada ya hapo walinitengea nafasi kwenye benchi, na walipobishana waliniuliza mimi, jambo ambalo lilinipa kiburi ambacho hadi leo sijakimaliza.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja tu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na nje kila ukuta ulikuwa na sura ya mtu anayetabasamu akiomba kura. Barasa, ambaye alikuwa na wateja wa kila kabila na hakutaka kumpoteza hata mmoja, alisema siasa itaishia mlangoni; atakayeileta ndani atalipia chai ya wote. Na kwa kweli ilishikwa. Huko mbele, kwenye meza za kula, nilisikia watu wakinong'ona nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, na nilipokaribia na sahani walihamia habari za mvua. Huku nyuma nilikuwa Wairimu anayejua raga, basi. Sijawahi kupata tena chumba kingine cha namna hiyo.

Simiyu alikuwa na shingo nene na sikio moja lililovunjwa katika skramu, vichwa na mabega vikisukumana, likakauka kama kipande cha tangawizi. Alikuwa ameichezea timu ya mji mpaka goti likakataa, akabaki kuuza vitunguu vilivyoshuka kutoka kwao Cheptais, juu mlimani. Akiingia jikoni kwetu alisalimia sufuria kwanza. "Niaje, matumbo. Niaje, Shiru." Ndivyo alivyolifupisha jina langu. Kisha alikula ugali wa watu wawili amesimama, akieleza huku anaonyesha kwa tonge jinsi timu fulani ingepaswa kuzuia. Walitutania, mimi na yeye, na tulijifanya kukasirika. Nilimpenda. Nalisema waziwazi sasa kwa sababu mwenye ulimi wa kunicheka bado ni Barasa peke yake, na Barasa naye alijua kabla yangu.

Wiki ile ya Oktoba, Afrika Kusini na Uingereza zilikuwa zimebaki peke yao, fainali ya dunia ikichezwa Paris siku ya Jumamosi. Nadhani hatukulala vizuri hata mmoja wetu. Mwezi uliotangulia Afrika Kusini walikuwa wamewachapa Waingereza wale wale bila kuwaachia hata pointi moja, na mtu wa kawaida angesema mambo yamekwisha. Lakini mashabiki wa kweli hawana amani hata wakiongoza. Mzee Karani, aliyestaafu ukarani wa serikali na ambaye alisomeshwa raga na walimu waliovaa soksi ndefu, alikuwa upande wa Uingereza. Alisema aliyechapwa mara ya kwanza ndiye anayejua fimbo inatokea wapi, na kwamba Waingereza wamewatoa wenyeji nyumbani kwao kwa mateke na subira. Maneno hayo yalimkosesha Barasa usingizi. Barasa alitaka kombe lije Afrika, ila kila akiitazama timu yenyewe alipata mashaka mengine, akaanza kuhesabu weusi uwanjani, akapata kwamba vidole vya mkono mmoja vinamtosha na kubaki. "Sasa hii ni Aflika ya nani?" akauliza. "Wakishinda, ni mimi nimeshinda ama ni nani?"

Nakumbuka Simiyu ndiye aliyemjibu. Alikuwa ameegemea ukuta kwa sababu ya goti. Akasema hawa ni watu waliouana kwa sababu ya ardhi, na sasa wamevaa jezi moja, na hiyo peke yake inamtosha. Kama wakishinda, atakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu anayesema haiwezekani. Sote tulijua kwao Cheptais kunatendeka nini mwaka ule, jinsi watu wa pale waliopeana mbegu na maharusi walivyoanza kuulizana nani alikuja lini na shamba ni la nani. Mzee Karani akamtazama kwa upole, naye hakuwa mtu mpole. "Jezi ni ya dakika themanini, Simiyu," akasema. "Shamba ni la milele." Hakuna aliyedai kwamba hiyo ilikuwa siasa, na hakuna aliyelipia chai.

Jumapili kabla ya fainali nilikuwa nimepanda Kitale kusalimia. Huko nako mjadala ulikuwa huo huo, kaka zangu na wenzao nyuma ya kinu cha kusaga mahindi wakigawana wachezaji, mmoja akilalamika kwamba mpiga mateke wa Waingereza ana mguu usiokosea na mwingine akimjibu kwamba hata mguu huo una mwenyewe na mwenyewe huogopa. Nilicheka nao. Lakini baada ya chakula kaka mkubwa alinisindikiza hadi kwenye uzio na kuniambia nisije nikakaa Bungoma mwezi wa kupiga kura. Alisema hivyo akiangalia ng'ombe. Nikamwambia mimi sina ugomvi na mtu, akasema hilo si swali wanalokuuliza. Nilikasirika naye njia yote ya kurudi. Leo nikikumbuka uso wake sikasiriki.

Wakati huo watu walikuwa wakishuka kutoka mlimani. Nilikuwa nikiwaona asubuhi nikifungua dirisha la jikoni: mwanamke na godoro, mzee na redio, watoto waliovaa nguo zote walizo nazo. Baadhi walikula kwetu. Walizungumza kwa sauti ya chini, na kila mara Simiyu alihamisha sahani yake karibu nao, akasikiliza, akaacha tonge likipoa mkononi. Mama yake alikuwa bado juu. Mjane, peke yake, na nyumba ya jirani wa kulia ilikuwa imeshachomwa. Nilimuuliza kwa nini hamleti, na alinijibu kama mtu aliyejibu swali hilo mara nyingi kichwani mwake. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga. Mama hawezi kulala chumba kimoja na mwanawe mtu mzima. Ni mwiko, na mama yake alikuwa amemwambia kwamba afadhali moto kuliko aibu hiyo. Chumba cha pili hakuwa na uwezo nacho, na jamaa waliokuwa mjini nyumba zao zilikuwa zimejaa wakimbizi wengine.

Nikamwambia mama yake alale kwangu. Nilikuwa na chumba nyuma ya soko, kitanda kimoja, dirisha moja, na hakuna mwiko unaomzuia mama kulala na msichana. Simiyu alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikaona haya nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Akasema ataenda Ijumaa na kurudi naye Jumamosi mapema, na kwamba haikosi fainali hii hata mlima ukihama. "Niwekee nafasi kando ya ukuta," akasema. "Na umwambie Mzee Karani alainishe koo, maana ataomba msamaha mbele ya watu." Aliondoka akichechemea, amebeba kamba na gunia tupu la kufungia vyombo. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya duka la mbolea.

Jumamosi ile nilifagia chumba changu mara mbili na kuazima shuka. Hotelini tulianza kukaanga mapema, kwa sababu ingawa mpira ungeanza usiku, watu wa Bungoma hawangoji sherehe ianze ndipo wale. Barasa alivaa fulana ya kijani ya matangazo ya mbegu, kwa kuwa ndiyo nguo pekee aliyokuwa nayo yenye rangi ya Afrika Kusini. Mzee Karani alikuja na tai. Kila aliyeingia alikuwa na hofu yake: mmoja aliota Waingereza wakicheka, mwingine alikuwa amesikia kwamba mpira mzito wa huko hauruki vizuri kukiwa na baridi. Nami nilikuwa nikisikiliza hayo yote huku nikihesabu chapati na kutazama barabara, na ndani yangu kulikuwa na furaha ya kipumbavu. Nilidhani siku hiyo ningepata vyote viwili, mama mkwe na kombe.

Mama Simiyu alifika saa za alasiri, kwenye lori la vitunguu, peke yake. Dereva alimshusha mbele ya hoteli kwa sababu ndipo alipoelekezwa. Alikuwa mfupi, amejifunga leso mbili, ameshika furushi na sufuria. Mikono yake ilinuka udongo. Nilitoka mbio kumpokea vitu, nikamsalimia kwa lugha yao, mulembe mayi, yaani amani mama, kama Simiyu alivyonifundisha, na nikawa natazama nyuma ya lori.

"Wewe ndiye Wairimu," akasema.

"Ndiyo, mayi. Simiyu yuko wapi?"

"Anakuja. Amerudi kuchukua kuku."

Sikuelewa. Nilimwingiza jikoni, nikampa kigoda na chai, na Barasa akaja akachuchumaa mbele yake, wakazungumza kwa lugha yao. Nilimwona Barasa akiinamisha kichwa. Kisha akanieleza, taratibu, bila utani wowote. Walikuwa wameteremka hadi sokoni Cheptais, mzigo ukapakiwa, Mama akapandishwa mbele. Ndipo Mama akakumbuka kwamba wamemwacha kuku chini ya tenga. Mama wa Kibukusu haendi kulala nyumba ya watu mikono mitupu; humpelekea mwenye nyumba kuku. Na hii haikuwa nyumba ya watu tu. Mwanawe alikuwa amemweleza habari za msichana wa Kitale anayejua raga, na yeye alikuwa amemchagua mtetea wake mzuri kuliko wote. Alimwambia Simiyu hawezi kuingia kwa msichana huyo kama mwombaji. Simiyu akacheka, akashuka, akamwambia dereva asimngoje, atapanda gari linalofuata, si mbali. Akapanda kilima akichechemea.

Kuku huyo alikuwa wangu. Nimelisema neno hilo mbele ya padri na mbele ya mume wangu marehemu, na wote waliniambia kwamba halikuwa kosa langu, na najua halikuwa kosa langu wala la yule mama. Ilikuwa ni adabu. Aliyefundishwa vizuri na aliyefundisha vizuri walifanya walichopaswa kufanya, basi. Sijui niweke wapi jambo ambalo halina mwenye kosa.

Mzee Karani alikwenda stendi na tai yake, akauliza kwa madereva. Alirudi jua likitua, akatuita mimi na Barasa nyuma ya tangi la maji. Hakuna gari jingine lililoshuka. Waliokuwa barabarani alasiri waligeuzwa, na kulikuwa na moshi upande wa juu ya soko. Ni nani walikuwa wakichoma na nani walikuwa wakigeuza magari, kila dereva alikuwa na lake, naye hakutaka kuchagua. Alisema kijana ni mjanja, atakuwa amejificha kwenye mahindi hadi asubuhi. Alilisema hilo kwa sauti ya karani anayesoma tangazo ambalo haliamini. Kule ndani mabenchi yalikuwa yamejaa, na kando ya ukuta nafasi moja ilikuwa wazi, kila anayeingia akiiona na kupita. Mama Simiyu aliletwa aketi hapo apumzike mgongo. Akakataa, akasema si mahali pake, akabaki mlangoni amesimama akitazama televisheni ambayo bado ilikuwa ikionyesha matangazo ya sabuni. Akauliza wale wa Simiyu ni wepi. Mtu akamwambia watavaa kijani. Akaitika kwa kichwa, kama mtu anayetaka kukumbuka.

Nikamchukua nikampeleka kwangu kabla mpira haujaanza. Nilikuwa nimeingoja fainali ile wiki nzima na sikuisikitikia hata kidogo. Nilimpikia uji, akanywa kidogo, akakataa kupanda kitandani kwanza, akisema mgeni asiyeleta kitu hulala chini. Tukabishana kwa heshima mpaka uchovu ukanisaidia. Alilala kwenye kitanda hicho hadi mwaka ukageuka. Na Januari ilipofika, baada ya kura kuzua vita, wakati vijana walipokuwa wakipita mlango kwa mlango nyuma ya soko wakiwatafuta watu kama mimi, walioitwa wageni, ni yeye aliyetoka nje na leso zake mbili, akawaambia kwa lugha yao kwamba ndani yuko binti yake, na asiyeamini amkanyage yeye kwanza. Wakapita. Kaka yangu alipofika kunichukua alimpa mama huyo mkono kwa mikono miwili. Lakini hayo ni ya baadaye, na usiku ule hatukuyajua. Usiku ule tulikuwa wanawake wawili tunaosikiliza barabara.

Barasa alibisha asubuhi, kengele za kanisa zikilia. Alikuwa bado na fulana ya kijani. Macho yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza kama mtu anayelipia kila neno. Afrika Kusini wameshinda, akasema, kumi na tano kwa sita, mateke matupu, hakuna trai. Kulikuwa na trai ya Waingereza, mpira umelazwa ng'ambo ya mstari, ambayo refa aliikataa, na Mzee Karani hakuibishia hata kidogo, alichukua kofia yake akaenda nyumbani. Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wameangalia mpaka mwisho kwa sababu Simiyu angetaka kuulizia kila kitu. Nikamuuliza kwa macho habari ile nyingine. Akatikisa kichwa.

Mama Simiyu alikuwa ameketi kitandani, amekwisha kujifunga leso. "Nani ameshinda?" akauliza.

"Wale wa kijani, mayi," nikasema.

"Wale wake?"

"Wale wake."

Uso wake ukafunguka. Sijaona tena uso wa mtu ukifunguka hivyo, na huo ndio unaonijia jikoni na kanisani. Si moshi, wala si lile shina la mgomba. "Basi anakuja leo," akasema. "Simiyu hawezi kuacha kuja kumcheka yule mzee wa tai." Akasimama, akaanza kutandika shuka la kuazima, akililainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni. Akaniambia nitafute kamba ya kumfungia kuku, na mahindi kidogo, maana atafika na njaa. Akanionya nisimchinje. Ni mtetea mchanga, atanitagia.

Nilikwenda kwa jirani nikaomba kamba. Nikaifunga kwenye mguu wa kitanda, nikamwaga punje chache za mahindi sakafuni. Barasa alikuwa amesimama mlangoni akizitazama zile punje. Kisha akaingia, akakaa juu ya debe la maji, tukangoja sote watatu.